Darasa la Tundu Moja

Kibiringo cha uzi kilimponyoka gizani, kikadondoka, kikabingirika juu ya sakafu ya saruji, kikapita chini ya kitanda na kwenda kugonga ukuta: tk. Halafu kimya.

Fundi alizuia pumzi. Sindano ilikuwa mkononi, kitambaa cheusi kimemfunika magoti na kumwagika mpaka chini, na ubavuni pake mtoto wake wa miaka mitano alikuwa amelala kifudifudi, mguu mmoja nje ya shuka. Hakutaka kuwasha taa. Taa ikiwaka mtoto angeamka, mtoto akiamka maswali yangeamka naye, na maswali ya mtoto yule hayakuwa na breki. Nyumba nzima ilimwita Bi Kwanini.

"Umeangusha nini?" Sauti ya mama mkwe ilipenya kutoka chumba cha pili.

"Uzi, mama."

"Uzi gani una miguu? Nimeusikia ukikimbia."

"Umebingirika tu. Lala, mama, hakujapambazuka."

"Nilale vipi, na mke wa mwanangu anamshonea jini kanzu?"

Fundi alicheka kwa pua, akaendelea kushona kwa kupapasa. Miaka sita ya cherehani si mchezo. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimeota macho.

Haikuwa kanzu ya jini. Yalikuwa mapazia, yaliyoungwa kwa vipande vya bitana nyeusi, ya kuziba madirisha matatu na mlango mmoja. Asubuhi hiyo, kipindi cha tatu, angeingia darasa la saba kufundisha kwamba mwanga husafiri katika mstari mnyoofu, na pembeni angekaa mhadhiri kutoka chuoni, na fomu, na saa.

Hicho ndicho kilichomtoa usingizini. Huu ulikuwa mwaka wake wa nne wa masomo ya jioni, akisomea shahada ya ualimu wa sayansi kwa madarasa ya kati, wale watoto ambao si wadogo tena na wala si wakubwa bado, wenye magoti marefu na majibu mafupi. Mchana alishona, jioni alisoma. Mume wake, dereva wa lori la saruji, alipokuwa safarini, mama mkwe ndiye aliyemlisha mtoto, akamwogesha, akamjibu maswali mpaka ulimi ukakauka. Sasa kati yake na shahada palibaki kitu kimoja: wiki nane za mazoezi ya kufundisha, na ndani yake masomo mawili ya kukaguliwa. Ukifaulu hata moja, umevuka. Ukianguka yote mawili, unarudia mazoezi mwakani. La kwanza alishaanguka.

Na kwake yeye mwakani haikuwepo. Mwenye duka la kushonea, waliyemwita Mzee Mkasi kwa ajili ya ulimi wake, alimpa ruhusa ya wiki nane na kumwambia waziwazi: "Binti, hizi nakupa kwa moyo mweupe. Usije ukaniomba nyingine. Cherehani haijui habari za shahada, inataka mguu."

Mhadhiri naye alikuwa na jina lake. Wanachuo walimwita Mama Dakika. Kila andalio la somo lina safu ya muda, utangulizi dakika tano, maarifa mapya dakika kumi na tano, hivyo hivyo mpaka hitimisho, na yeye aliifuata safu ile kwa saa ya mkononi kama refa. Lakini kilichowatia watu tumbo joto hakikuwa saa. Ilikuwa desturi yake ya mwisho. Kengele ikilia, kabla hajatia alama, humchagua mtoto mmoja, yeyote yule, akamwuliza swali moja. Jibu la mtoto huyo ndilo hulibeba somo au kuliangusha.

Katika lile somo la kwanza, la joto, alimchagua mvulana aliyetiririsha maana ya mpitisho wa joto kama anayesoma dua, bila kituo wala pumzi. "Vizuri," Mama Dakika alisema. "Sasa niambie, kijiko cha chuma ukikiacha kwenye chai ya moto, mbona mpini wake unakuunguza, na mpini haukuingia kwenye chai?" Mtoto alitazama dari. Akatazama viatu vyake. Akamtazama Fundi, na Fundi hakuwa na la kumfanyia. Thelathini na nane kwa mia.

Kwenye korido, fomu ikiwa imekunjwa kwapani, Mama Dakika alimsimamisha. "Watoto wako wanayajua maneno," alisema. "Na wewe unayajua maneno. Mara ya mwisho kushangaa ilikuwa lini?"

Fundi alifungua kinywa ajibu.

"Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe. Mwalimu wa sayansi asiyeshangaa ni mpishi asiyeonja."

Jibu lilimfuata siku nane baadaye, Jumamosi, mahali ambapo asingelitafuta hata kwa tochi. Alikuwa amepita dukani kwa Mzee Mkasi kusaidia kumalizia sare za hoteli, akatumwa stoo kuleta bitana. Stoo ile ilikuwa chumba chembamba kisicho na dirisha, chenye mlango wa chuma uliotazama barabara, na katika mlango palikuwa na tundu la msumari uliong'oka zamani. Alipoingia upepo ukaubamiza mlango nyuma yake. Akabonyeza swichi. Taa ilikuwa imeungua. Akasimama gizani, mkono mmoja juu ya rafu, akingoja macho yatulie ili apate kitasa.

Kwanza alidhani ni vumbi. Mbele ya mlango, hatua mbili hivi, lilisimama jora la kitambaa cheupe lililofika jana, na juu ya weupe wake kitu kilikuwa kinapita. Akasogea. Kilikuwa mtu. Mtu mdogo kama kidole, mwenye kofia na shati la kijani, anatembea kichwa chini miguu juu, bila kishindo, bila haraka, kama aliyezaliwa hivyo. Nyuma yake ikaja baiskeli, magurudumu yakizunguka juu. Na chini kabisa, mahali pa ardhi, palikuwa na mbingu, ya buluu, tulivu, kama maji kwenye beseni.

Alinyoosha mkono. Mwanamke mwenye mfuko alitembea juu ya kiganja chake, akaanzia kidole gumba, akavuka mistari yote ya mkono, akamalizikia kidole cha mwisho na kuondoka. Fundi hakuhisi kitu. Hata uzito wa unyoya. Lakini nywele za mkono zilisimama zote.

Habari hizi alizijua. Mwaka wa pili aliulizwa kwenye mtihani jinsi tundu dogo linavyochora gizani picha ya nje, akachora miale kwa rula, akapata alama zote. Alizijua kama mtu anavyoijua mvua kwa kusomewa utabiri. Leo ndiyo imemnyeshea. Hapakuwa na lenzi, hapakuwa na umeme, hapakuwa na mtu aliyekiwasha kitu hiki. Miaka sita alikuwa anaingia stoo ile, na miaka sita barabara nzima ilikuwa inaingia naye, kila siku ya jua, kimya kimya, na yeye anaifukuza kwa swichi ya taa.

"Binti!" Mzee Mkasi aliita kutoka dukani. "Bitana umekwenda kuifuma?"

"Njoo uone, mzee."

"Nione nini, panya?"

"Ingia. Funga mlango. Ngoja kidogo."

Mzee aliingia akinung'unika, akafunga mlango, akangoja akinung'unika, kisha manung'uniko yakakatika kama uzi. Walisimama pale. Baada ya muda mrefu alisema kwa sauti ambayo Fundi hakuwahi kuisikia kwake, "Huyo si muuza magazeti?"

"Ndiye."

"Hata akipinduliwa namtambua kwa tumbo." Alipofungua mlango hatimaye, na jua likafuta kila kitu, alikuwa anafikicha macho. "Mabaki yote ya bitana," alisema, "chukua. Yote."

Ndivyo alivyopata wazo la kuligeuza darasa zima kuwa stoo.

Sasa, alfajiri hii, alikuwa amefikia kushona tundu lenyewe. Alilifikiria kwa mantiki ya fundi. Stoo ni ndogo, na watazamaji walikuwa wawili. Darasa ni kubwa, na watoto ni arobaini na wawili. Watu wengi wanataka mwanga mwingi. Mwanga mwingi unataka mlango mpana. Kwa hiyo usiku kabla ya kulala alikuwa amechukua kisahani cha chai jikoni, akakizungushia chaki juu ya kitambaa, akakata duara. Na kwa kuwa fundi wa kweli haachi ukingo ukichanika nyuzi, aliuzungushia utepe na kuukunga kwa mishono midogo midogo, kama kola ya shati la bwana harusi. Hapo alipo sasa alikuwa anamalizia mshono wa mwisho. Lilikuwa tundu zuri kuliko matundu yote aliyowahi kushona. Hakulijaribu. Alilipapasa tu, akaridhika, akakata uzi kwa meno.

"Mama," Bi Kwanini alisema gizani, macho bado yamefumba, "kwa nini unashona usiku?"

"Si usiku, ni asubuhi ambayo haijaoga. Lala."

Mtoto aliliwaza hilo, akalala.

*

Darasa la saba lilikuwa chini, upande wa lango, na madirisha yake yalitazama barabara na jengo la ghorofa moja ng'ambo yake, ambako kwa wiki nzima mwezekaji alikuwa juu ya paa akibadilisha mabati. Watoto walimsaidia kutundika mapazia kwa pini na vibanio vya nguo. Walimwita Mwalimu Cherehani, wakidhani hajui.

"Mwalimu, leo tunalala?"

"Wewe ukilala utakosa."

"Nitakosa nini?"

"Ndiyo maana usilale."

Walisogeza madawati ukutani. Hatua tatu kutoka dirisha la kati wakafunga kamba, wakaning'iniza shuka jeupe la kitanda, lililonyooshwa vizuri, kisha wakaketi sakafuni, wamebanana, mgongo kwa dirisha. Mama Dakika aliingia na mkoba wake mkubwa, mwanamke mfupi, mwenye mwendo wa mtu asiyepoteza hatua. Aliyatazama mapazia, akamtazama Fundi. Akaketi kwenye kona, fomu juu ya goti. Akageuza mkono kutazama saa.

Utangulizi ulikwisha ndani ya dakika tano, kama ulivyoandikwa. Mlango ukafungwa, pazia la mwisho likabanwa. Watoto wakapiga ukelele mdogo wa raha, ule wa kuingia gizani mkiwa wengi. Fundi akaenda dirishani na kuondoa kiraka cha bitana kilichokuwa kimeziba lile tundu.

Juu ya shuka likatokea doa. Doa kubwa, jeupe-jeupe, la ukungu, kama maziwa yaliyomwagika na kupanguswa kwa kitambaa kichafu. Ndani yake vivuli vilisogea, lakini kuviita watu ingekuwa kuwasingizia.

Watoto wakakaza macho.

"Mwalimu," mtoto mmoja aliuliza kwa upole, "tunatazama nini?"

"Mwezi," mwenzake akamjibu.

"Mwezi gani huo haujaoshwa?"

Darasa likacheka. Mwanga wa lile tundu kubwa ulitosha kabisa kuandikia, na kutoka kwenye kona Fundi aliisikia kalamu ya Mama Dakika ikikwaruza karatasi. Aligeuka akalitazama tundu, kola yake imekaa sawasawa, mishono imepangana kama meno ya mtoto, na papo hapo akajua. Alijua tangu mwaka wa pili. Aliandika mwenyewe, kwa mkono wake, kwamba tundu likipanuka kila nukta huleta doa lake, madoa hupandana, na picha hufa. Kichwa kilijua, mkono ulikuwa umeshona habari nyingine.

Andalio lake lilikuwa na njia ya kutorokea. Mstari wa chini kabisa ulisema: zana zikishindikana, mwalimu achore miale ubaoni. Angeweza kufungua mapazia, kuchora, kuwaimbisha ile sentensi ya mstari mnyoofu mara tatu, na kengele ingemkuta kwenye hitimisho, dakika zote mahali pake. Angeiokoa safu nzima ya muda. Na mtoto mmoja angesimama mbele ya Mama Dakika na kutazama dari.

"Nimekosea," Fundi alisema.

Kicheko kilikatika. Mtu mzima, mwalimu, mbele ya mkaguzi. Watoto wakageuza shingo.

"Hili tundu nimelikosea. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu. Nilitaka mwone picha ya nje, na badala yake mnaona uji. Nisaidieni. Tulifanyeje?"

"Uliongeze, mwalimu," alisema mmoja haraka. "Mwanga hautoshi."

"Wengine wanasemaje?"

"Uliongeze."

"Uliongeze, liwe kama sahani."

"Likiongezwa si litakuwa dirisha?" Sauti hii ilitoka katikati ya sakafu, nzito kidogo, ya mvulana aliyezoea kupingwa. "Dirisha tunalo kila siku. Mbona halichori kitu ukutani?"

Fundi alihisi sentensi ile ikimpita kifuani. Miaka minne ya vitabu, na hakuna kitabu kilichomwambia hivyo.

"Rudia," alisema.

"Nimesema tu dirisha ni tundu kubwa. Na halina picha."

"Basi tufanyeje?"

Mvulana alifikiri. "Basi tulipunguze."

Karatasi ngumu iliyokuwa karibu ilikuwa moja, jalada la daftari lake la maandalio, lenye muhuri wa chuo. Fundi alilinyofoa. Alisikia kalamu kwenye kona ikisita. Akatoa mkasi mfukoni, akatoboa katikati ya jalada tundu la ukubwa wa kifungo cha koti, bila kola, bila utepe, kingo zikiwa zimechanika hivyo hivyo, akalibana kwa pini juu ya lile tundu lake zuri.

Giza likaanguka kama blanketi.

"Sioni kitu."

"Nani kanikanyaga?"

"Toa kiwiko chako, wewe."

"Macho yenu yametoka juani," Fundi alisema. "Bado yanadhani yako uwanjani. Yapeni nafasi. Tukae kimya, msisugue, mtazame tu mbele."

"Kwa muda gani, mwalimu?"

"Mpaka yatakapokubali."

Safu ya jambo hilo haikuwepo kwenye fomu. Kalamu ilikuwa imenyamaza.

"Mwalimu," sauti kavu ya Mama Dakika ilisema kutoka gizani, "siioni saa yangu."

"Samahani, mhadhiri. Hata mimi siioni."

Vicheko viwili vitatu vilizimwa kwa viganja. Kisha kimya cha kweli kikaingia, kimya cha watoto arobaini na wawili wanaopumua pamoja. Fundi alisimama kando ya shuka, kucha zimemzama viganjani, akiliomba jua lisipate wingu. Hakujua ni dakika ngapi. Tano, nane. Kutoka ng'ambo ya barabara nyundo ya mwezekaji iligonga bati, ikapumzika, ikagonga.

Hakuna aliyeona ilipoanza. Hapo awali palikuwa na weusi, na baadaye kidogo hapakuwa na weusi mtupu. Chini ya shuka paliingia buluu, polepole, kama wino unaonywewa na kitambaa. Juu ukanyooka ukanda wa kijivu, ndiyo barabara. Nguzo ya lango ikajichora, kisha mwenzake, zikining'inia kama meno ya juu. Kisha majani ya mti wa uani, yote kwa mara moja, na yalikuwa yanacheza. Hilo ndilo lililowafanya watoto wavute pumzi. Picha wanazijua, ukutani zipo, kwenye simu zipo. Lakini hii ilikuwa hai. Haikurekodiwa na mtu. Ilikuwa sasa hivi, ya sasa hivi hii.

"Mti wetu," mmoja alinong'ona.

Kengele ya baiskeli ililia nje, upande wa kushoto, na upande wa kulia wa shuka baiskeli ikatokea, ya njano, imepinduka, mwendeshaji akining'inia chini yake bila kuanguka, akapita juu ya vichwa vyote na kupotea. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mwenye mwavuli mwekundu akaja, mwavuli ukiwa chini yake kama mashua. Wingu dogo likateleza sakafuni mwa dunia. Na chini, karibu na ile buluu, lilikuwa paa la jengo la ng'ambo, na kutoka kwenye paa alining'inia mwezekaji kama popo, shati lake jeupe, mkono ukipanda na kushuka. Nyundo iligusa bati; kisha, baada ya kitambo cha kope, sauti ikafika.

"Hajui kama tunamwona," mtoto alisema taratibu.

"Hakuna anayejua."

"Kwa hiyo kila siku..." Sauti ya tatu ilianza, ikaishia hapo, haikuweza kubeba kilichobaki.

Fundi alitazama nyuso zao. Buluu ilikuwa imezigusa, midomo iko wazi, na kuna mkono ambao ulikuwa umeshika mkono wa jirani bila wote wawili kujua. Aliona kwamba miaka minne yote, kila jioni aliyomwacha mwanawe akiwa na njaa ya kubebwa, kila asubuhi aliyosinzia juu ya cherehani, alikuwa anatembea kuja kusimama hapa, kando ya shuka la kitanda, kuwatazama watu wanaotazama.

Kiti kililia kwenye kona. Mama Dakika alikuwa amesimama. Alikuja akipapasa kati ya magoti ya watoto, wakampisha, mpaka akafika mbele ya shuka, na barabara ikamwagika juu ya blauzi yake. Aliinua kiganja. Mtu akatembea ndani yake.

"Miaka ishirini na tisa nafundisha jambo hili," alisema, si kwa Fundi, wala si kwa yeyote hasa. "Kwa kisanduku cha karatasi, nimekishika mkononi hivi. Sikuwahi kuingia ndani."

Kengele ya shule ililia.

Ubao ulikuwa mtupu. Hakuna maana iliyoandikwa, hakuna zoezi lililotolewa, hitimisho halikufikiwa. Fundi alihesabu hasara hizo moja moja. Mama Dakika hakwenda kufungua pazia. Alibaki gizani, akageukia darasa.

"Nitamwuliza mmoja," alisema. Akainama na kugusa bega lililokuwa karibu. Lilikuwa la msichana mwembamba mwenye mafua, ambaye kipindi kizima hakuwa ametoa sauti isipokuwa ya kupenga. "Simama, mwanangu. Yule mtu aliye juu ya paa. Yuko juu kuliko sisi sote. Kwa nini hapa kichwa chake kiko chini kabisa?"

"Mwanga husafiri katika mstari..." wenzake watatu walianza kwa pamoja.

"Sikuwauliza ninyi. Hayo ni ya kitabu, nimeyasikia tangu hamjazaliwa. Nataka yake."

Fundi alijua asiguse kitu, hata kwa kukohoa. Msichana alisimama, na mbingu ikampita kwenye paji la uso. Alilitazama shuka. Akafuta pua kwa mgongo wa mkono. Kisha, badala ya kujibu, akawaruka wenzake na kwenda dirishani, akachungulia kwenye kile kitundu kwa jicho moja, muda mrefu, na picha yote ikazimika kwa kichwa chake. Alipojitoa, ikarudi. Akaweka kidole kando ya tundu. Akainua mkono wa pili kuelekea juu, nje, kule nyundo ilikokuwa inagonga; akaushusha polepole kwa mshazari, ukapita kwenye kidole, ukaendelea kushuka kuelekea shuka, mpaka ukaelekea sawasawa palipo na kile kichwa kidogo kinachotikisika. Akarudia. Safari hii alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu aliyeiona njia ya siri nyumbani kwake mwenyewe.

Mama Dakika alikuwa ameshika kalamu, haijagusa karatasi.

"Mwanga wa kichwani kwake unatoka juu unateremka moja kwa moja kupita tunduni," msichana alisema kwa sauti, "na kwa kuwa haujui kupinda, unatua chini."